Khanga haikuwa chakula: kisa cha kifurushi kimoja kutoka Mwanza hadi Masaka, 2020

Mama yangu anauza nguo za watoto Mlango Mmoja, hapa Mwanza. Ni mtumba, lakini mtumba wa kuchagua: akifungua belo anatenga zilizochakaa, zinazobaki anazifua, anazipiga pasi, ndipo zinapanda mezani. Pembeni huwa na khanga na vitenge vichache. Mwaka 2020, nchi jirani zilipokuwa zinafunga maduka ya vitu vilivyoitwa visivyo vya lazima, meza yake haikufungwa hata siku moja. Lililofungwa ni duka la mkwewe, upande wa pili wa mpaka, Masaka, Uganda. Katikati ya hao wawili alikuwepo mdogo wangu wa kike, na mimba ya miezi minane.

Ninakiandika kisa hiki kwa sababu mabishano juu ya kufungiwa mwaka ule bado yanaendeshwa kana kwamba watu walikuwa makundi mawili, walioogopa ugonjwa na walioudharau. Kwetu hapakuwa na aliyeudharau. Tulikuwa wanne, hofu yetu ilikuwa moja, na bado hatukuelewana kuhusu khanga.

Amri

Uganda ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona Machi 21, 2020. Siku nne baadaye Rais Museveni alisimamisha usafiri wa abiria na kuagiza masoko yabaki na wauza vyakula peke yao. Muuza nguo, viatu au vyombo akunje vitu vyake aende nyumbani. Wauza vyakula nao walitakiwa walale hukohuko sokoni, wasiwe wanakwenda na kurudi kwenye familia zao kila siku. Machi 30 kamba ikakazwa zaidi: magari binafsi yalizuiwa, maduka yasiyo ya chakula yalifungwa, na kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi mtu asionekane barabarani. Maduka ya dawa yaliendelea, benki ziliendelea. Boda ziliruhusiwa kubeba mizigo tu. Abiria, hapana.

Msomaji aishike hiyo habari ya boda, nitairudia.

Tanzania ilikwenda njia yake. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, shule zikafungwa kesho yake, vyuo vikafuata, na mikusanyiko ikazuiwa isipokuwa ibada. Masoko na maduka yaliendelea. Takwimu za wagonjwa ziliacha kutolewa muda si mrefu baadaye, zikiwa zimesimama kwenye 509. Hapa Mwanza kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji yenye koki na kipande cha sabuni, jioni mitaa ilinuka majani ya kujifukizia, na pale Mlango Mmoja mama alikaa mezani tangu asubuhi akiwatazama wapita njia. Soko lilikuwa wazi, ila wateja wengi walikuwa wamejifungia wenyewe.

Orodha mbili

Shemeji yangu ni Mganda, ana duka la viatu. Alikutana na mdogo wangu Mutukula mpakani, alikokuwa anafuata mzigo, na Kiswahili chake mpaka leo ni cha wafanyabiashara wa pale. Mwishoni mwa Machi kliniki ilimpa mdogo wangu karatasi ya vitu vya kwenda navyo kujifungua. Aliipiga picha akanitumia. Plastiki ya kutandika kitandani, pamba, glovu, nyembe, beseni, shuka, khanga mbili (kule wanaziita leesu), nguo za mtoto, blanketi dogo. Muuguzi alikuwa ameandika kwa mkono, na penye leesu alipiga mstari chini mara mbili.

Pamba, glovu na nyembe alivipata duka la dawa siku ileile. Beseni lilikuwepo nyumbani. Khanga, shuka na nguo za mtoto hakuvipata popote, kwa sababu wauza nguo walikuwa wameshaondolewa sokoni. Watu humuuliza mpaka leo kwa nini hakununua mapema. Alikuwa na sababu mbili. Kwanza, shemeji alikuwa anategemea mauzo ya Pasaka, maana wazazi huwanunulia watoto viatu kwa ajili ya sikukuu, na Pasaka ilikuwa Aprili 12. Pili, kwao na kwetu mtu haweki ndani nguo za mtoto ambaye hajazaliwa muda mrefu hivyo. Unangoja mwezi wa mwisho. Mwezi wa mwisho ulipofika, milango ilikuwa na makufuli.

Mkononi mwake, basi, alikuwa na karatasi ya kliniki inayosema khanga ni lazima, na juu ya kichwa chake amri ya serikali inayosema khanga si lazima. Nimejaribu kuwaelewa waandishi wote wawili. Muuguzi alikuwa anamfikiria mwanamke mmoja kwenye kitanda kisicho na shuka. Aliyeandika amri alikuwa analifikiria soko kama mahali watu wanapobanana, na ili watu wapungue alipanga bidhaa kwa aina zake: chakula ndani, kisicho chakula nje. Upangaji huo una faida kubwa kwa askari anayesimamia. Akiona nyanya anapita, akiona suruali anafunga, wala hahitaji kumwuliza mtu chochote.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Ulazima wa khanga hauonekani ukiitazama khanga. Doti ileile, harusini ni pambo. Wodini ni shuka ya mzazi, ni taulo, ni nguo ya kwanza ya kichanga, na mambo yakiharibika ndiyo ya kumsitiri. Ukitaka kujua kama ni ya lazima inabidi umjue anayeinunua, na ujue ni wiki gani anainunua. Amri iliyopangwa kwa aina ya bidhaa haina mahali pa kuuliza hayo.

Simu ya usiku

Tuliongea usiku mmoja, simu ikiwa imewekwa sauti ya juu juu ya meza ya chakula. Nitaeleza kila mtu alisimama wapi, maana ndio moyo wa kisa.

Shemeji, ambaye duka lake ndilo lililofungwa, aliiunga mkono amri. Wazee wake ni watu wa Rakai, upande wa Kasensero, mwalo ule ambako Ukimwi ulianza kuonekana mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alikulia humo. Mama alipoanza kuilaumu serikali ya kule, alimkatiza kwa upole: "Mama, kwetu nyumba zilifungwa bila amri ya mtu yeyote, na hazikufunguliwa tena." Meza nzima ikanyamaza.

Mama naye ni mtu wa Kagera, alizaliwa Muleba, kwa hiyo kumbukumbu hiyo anayo. Kagera ugonjwa ule mwanzoni uliitwa Juliana, jina la nguo iliyokuwa inaletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda, na watu waliunganisha nguo na kifo. Mwaka 2020 mama alikuwa anaiogopa mitumba yake mwenyewe. Alijua kwamba Kenya ilisimamisha kuingiza mitumba mwaka huo kwa hofu ya ugonjwa, na belo jipya lilipofika aliliacha siku tatu bila kulifungua. Kwa hiyo hakuwa anapinga watu kufungiwa. Alichopinga alikisema hivi: "Wafunge, mkwe wangu. Lakini kichanga hakifunikwi na nyanya."

Mdogo wangu hakutaka amri ifutwe. Alitaka apatikane mtu wa kumwuliza. Wiki zile hata mjamzito kwenda hospitali kwa gari ilibidi kwanza apate kibali kwenye ofisi ya mwakilishi wa Rais wilayani, na malalamiko yalikuwa mengi juu ya akina mama waliozidiwa njiani au nyumbani wakisubiri ruhusa. Baadaye sharti hilo liliondolewa kwa wajawazito. Kabla halijaondolewa, mdogo wangu alikwenda kliniki kwa miguu, akarudi kwa miguu, tumbo likiwa limeshashuka, boda zikimpita zimefungwa mikungu ya matoke nyuma. Ndizi zilipanda, yeye hakuruhusiwa kupanda. Analisimulia hilo taratibu, bila hasira, na mimi kila nikilisikia mwili unanisisimka.

Mimi nilikuwa upande wa amri kwa nguvu kuliko wote. Nilitaka hata Mwanza tufunge. Nilikuwa na mshahara wa mwezi, sikuwa na duka wala mimba.

Kitu nilichojifunza kwenye simu ile ni kwamba maoni ya mtu hutegemea sana swali analoulizwa. Ungemwuliza yeyote kati yetu kama watu wafungiwe ili maisha yaokoke, wanne wote tungesema ndiyo. Ungetuuliza kama khanga isiuzwe kwa mwanamke wa miezi minane, wanne wote tungesema hapana. Anayekusanya maoni ya umma kwa swali la kwanza tu atarudi na wingi wa watu wanaounga mkono, na atashangaa mwezi unaofuata watu walewale wakinung'unika. Hawajageuka. Wamefikiwa na swali la pili.

Kifurushi

Mama alichagua doti mbili. Moja ilikuwa na maandishi ya Nani kama Mama. Akachagua vifulana sita, kofia mbili, soksi, shuka mbili na blanketi la manjano ambalo mteja alikuwa ameshalilipia nusu, akamrudishia hela yake. Alizifua kwa maji ya moto, akazianika jua la siku mbili, akazipiga pasi nje na ndani. Nilimwona akiinua kifulana kimoja na kukinusa, akakirudisha kwenye beseni akaanza upya.

Njia pekee ilikuwa lori, kwa sababu mizigo iliruhusiwa kuvuka. Jirani yetu wa Igoma alikuwa na safari ya kupeleka mchele Kampala. Mchele ni chakula, hivyo lori lilipita, na kifurushi kikapita nyuma ya kiti cha dereva. Kivuko cha Kigongo hadi Busisi, kisha Geita, Biharamulo, Muleba, Bukoba, Mutukula. Mpakani foleni ilikuwa ndefu, madereva wakipimwa. Kuanzia nusu ya pili ya Aprili sehemu kubwa ya wagonjwa wapya waliotangazwa Uganda walikuwa ni madereva wa malori, na huyu jirani alilala kwenye lori na kupika kwenye lori, kwa sababu njiani hakuna aliyetaka kumpangishia chumba wala kumuuzia chai. Siku ya tisa alimkabidhi boda kifurushi pembeni ya barabara, Masaka. Boda akakifikisha hadi mlangoni, kwa kuwa mzigo ulikuwa halali.

Sasa tuhesabu mikono. Mama, mimi niliyekibeba hadi Igoma, dereva, mtu wa mpakani aliyekifungua na kukifunga, boda, shemeji. Amri ilikusudia kupunguza watu wanaokutana. Kama duka moja la nguo lingeruhusiwa kumhudumia mwanamke yule mlangoni, mikono ingekuwa miwili, na ya mji mmoja. Badala yake hitaji lake lilisafirishwa kupitia mlango uleule ambao ugonjwa ulikuwa unaingilia nchini. Hili ndilo kosa ninaloliona kubwa kuliko yote, kwa sababu linaipinga amri kwa kipimo chake yenyewe.

Haki itendeke kwa upande wa pili pia. Uganda ilitangaza kifo chake cha kwanza cha korona Julai 23, 2020, miezi minne baada ya mgonjwa wa kwanza. Shemeji hunikumbusha tarehe hiyo kila tukianza mabishano, na sina jibu la kulipinga. Mpaka leo naamini kufunga kulikuwa na maana. Ninachobishia ni jinsi orodha ilivyochorwa.

Ndala kwenye supamaketi

Shemeji alibadilika mwezi Mei, na hakubadilishwa na khanga. Aliingia supamaketi kununua sukari. Supamaketi zilikuwa wazi kwa sababu zinauza chakula. Pembeni ya rafu ya sukari akakuta ndala zimepangwa vizuri, na bei zake. Ndala zilezile alikuwa nazo yeye, katoni kwa katoni, nyuma ya kufuli. Usiku ule alinipigia mimi, hakumpigia mama. "Shemeji, hasara ningeimeza," alisema. "Ningeimeza kama tungemeza wote."

Nimeandika neno kwa neno kwa sababu sijasikia mtu akieleza vizuri zaidi pale uungaji mkono unapokatika. Mtu anaweza kubeba mzigo mkubwa kwa muda mrefu. Akigundua mwenzake mwenye duka kubwa hakubebeshwa, anauweka chini. Maduka ya kawaida ya mitaani yalifunguliwa Mei 26, lake likiwemo. Wenzake wenye vibanda kwenye masoko yasiyo ya chakula, na wale wa kwenye majengo ya maduka madogomadogo kule Kampala, waliendelea kusubiri.

Sasa, kuna nchi iliyojaribu kulitibu jeraha hilo la shemeji, nayo ni Wales, sehemu ya Uingereza. Oktoba 23 mwaka uleule walifunga kwa siku 17, hadi Novemba 9. Maduka ya vitu visivyo vya lazima yalifungwa, na safari hii supamaketi ziliambiwa nazo zisiuze vitu hivyo. Mkuu wa serikali yao, Mark Drakeford, alieleza kwamba ni suala la haki: haiwezekani muuza nguo mdogo afunge halafu duka kubwa liuze nguo zilezile. Ni kilio cha shemeji kabisa, kimefanywa sheria.

Matokeo yake? Wafanyakazi walifunika rafu kwa plastiki na kuzizungushia utepe. Nyuma ya plastiki zikawamo nguo za watoto. Watu zaidi ya 67,000 waliweka majina yao kwenye ombi kwa bunge lao kutaka zuio liondolewe, idadi ambayo bunge hilo halikuwa limewahi kuiona. Katika duka moja la Cardiff mteja alikuta rafu ya pedi imezuiwa, na alipouliza mtandaoni, duka likamjibu kwamba ndiyo sheria. Haikuwa sheria. Eneo lile lilikuwa limefungwa kwa sababu ya wizi uliotokea, na duka likaomba radhi. Lakini watu walikuwa wameshaamini, na mimi siwalaumu. Ukishaona kifulana cha kichanga kimefunikwa, kwa nini usiamini kwamba pedi nazo zimepigwa marufuku? Siku chache baadaye serikali ikatoa ufafanuzi, ikiwemo kwamba duka litumie busara kwa mtu mwenye hitaji la kweli.

Nilipomsimulia shemeji, alikaa kimya kwa muda. Halafu akasema kwamba yeye alitaka afunguliwe, hakutaka mwingine afungwe. Hapo tuliongea mpaka salio likaisha. Haki kati ya wauzaji ni jambo moja na hitaji la mnunuzi ni jambo jingine. Wales waliirekebisha ya kwanza kwa kuliumiza la pili, na Masaka yote mawili yaliachwa hivyohivyo.

Ningeulizwa mimi, ningeanza na kadi ya kliniki. Kila mjamzito anayo, ina tarehe ya makadirio, ina muhuri. Mwenye kadi iliyofika mwezi wa nane ahudumiwe mlangoni, muuzaji akiwa ndani, mwenyewe akiwa nje, na kitu kinachouzwa kiwe kimo kwenye karatasi ya muuguzi. Mwenye duka asiyetaka kufungua hata mlango amkabidhi boda, maana boda za mizigo zilikuwepo tangu siku ya kwanza. Wapo ambao wangeazima kadi, nalijua hilo. Hata hivyo kadi ya kuazimwa inapitisha mtu mmoja mmoja. Kuziba kabisa kulipitisha kifurushi chetu katika nchi mbili.

Mdogo wangu alijifungua mwanzoni mwa Mei, mtoto wa kike. Kibali kilikuwa kimeshaondolewa, hivyo boda ilimbeba. Muuguzi alipofungua kifurushi aliuliza khanga zimetoka wapi, na alipoambiwa Mwanza aliita mwenzake aje kuona.

Ile picha ya karatasi ya kliniki mama aliipeleka stesheneri ikachapishwa, akaibandika kwa gundi kwenye nguzo ya kibanda chake. Tangu wakati huo huwa na mafungu ya mzazi yaliyokwisha fungwa: doti mbili, shuka, vifulana, kofia, soksi, blanketi, vyote vimefuliwa na kupigwa pasi. Huyauza kwa bei ya kununulia. Anayekuja na mimba changa humshauri achukue mapema, na akisita kwa sababu ya ile miiko yetu, mama huandika jina lake kwenye kipande cha karatasi, analibana kwenye fungu kwa pini, na kumwambia litakaa hapo mpaka atakapolihitaji.